Tusi Lililoandikwa Kanisani: Kulisoma Kanisa la San Clemente, Roma

Kuna kanisa mjini Roma, mwendo mfupi kutoka uwanja wa Colosseum, ambalo ukutani mwake limeandikwa tusi. Wala si mkwaruzo wa mlevi aliyepita usiku. Tusi hilo lilichorwa kwa rangi na fundi aliyelipwa, ndani ya picha ya mtakatifu mwenye jina la kanisa, mwishoni mwa karne ya 11. Anayetukana ni bwana mkubwa. Wanaotukanwa ni watumishi wake. Na tusi lenyewe ni la aina tunayoifahamu sote: anawaita wana wa makahaba, yaani hawagusi wao tu, anawagusa na mama zao.

Wataalamu wa lugha ya Kiitaliano wanayaheshimu maneno hayo kama sisi tunavyoziheshimu tenzi na barua za kale zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa ya lugha iliyokuwa ikisemwa sokoni na jikoni, wakati kila jambo la maana lilikuwa likiandikwa kwa Kilatini. Ukifungua historia ya fasihi ya Kiitaliano, huenda ukalikuta tusi hili mapema kabisa, miaka zaidi ya 200 kabla ya Dante.

Sasa, wengi wanaoandika juu ya San Clemente huishia kwenye ngazi. Utashuka, watakuambia, utarudi nyuma karne nane. Utashuka tena, utarudi nyuma zaidi. Ni kweli, na nitaeleza. Lakini mimi nalisoma kanisa hili kwa swali la msomaji wa fasihi: humu ndani nani amepewa nafasi ya kusema, na amepewa lugha gani?

Kanisa juu ya kanisa

Tuanze na jengo lenyewe, maana bila jengo hoja haisimami.

Kanisa unaloingia kutoka barabarani lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 12, chini ya usimamizi wa Kardinali Anastasius. Chini ya sakafu yake kuna kanisa jingine, la karne ya 4, ambalo Jeromu, yule mfasiri wa Biblia kwa Kilatini, aliandika habari zake akisema kwamba Roma ina kanisa linalotunza kumbukumbu ya Klementi. Chini ya hilo la pili kuna majengo ya karne ya 1: upande mmoja nyumba ya matofali, upande mwingine jengo kubwa la mawe mazito, na katikati yake kichochoro chembamba. Ndani ya ile nyumba kuna chumba cha ibada ya mungu aitwaye Mithras, dari yake imejengwa ifanane na pango, mabenchi ya mawe kulia na kushoto, na altare inayomwonyesha Mithras akimchinja fahali. Ibada hiyo ilikuwa ya wanaume peke yao. Na chini ya hayo yote kuna mabaki ya majengo yaliyoteketea katika ule moto mkubwa wa mwaka 64, enzi za Nero.

Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba kanisa la karne ya 4 liliharibiwa na Wanormani walipouvamia mji mwaka 1084. Siku hizi wengi wanaona sababu haikuwa ya vita hivyo: ardhi ya mji ilikuwa imeinuka, jengo la zamani likawa limezama kama nyumba iliyojengwa bondeni. Basi wajenzi wakalijaza kifusi, wakatumia kuta zake kama msingi, wakaanza upya juu. Likasahaulika kabisa. Mwaka 1857 padri mmoja kutoka Ireland, Joseph Mullooly, alianza kuchimba, na kanisa la chini likaibuka na picha zake.

Kwa nini padri wa Ireland? Hapo kuna historia nyingine. Mwaka 1677 San Clemente ilikabidhiwa kwa watawa Wadominiko wa Ireland, watu ambao shirika lao lilikuwa likiteswa nyumbani kwao chini ya utawala wa Kiingereza. Walihitaji mahali pa kukaa na kuwafundisha vijana wao. Wamo hadi leo. Ndiyo kusema kanisa ambalo Warumi wenyewe walikuwa wamesahau lina nini chini yake, lilichimbuliwa na wakimbizi.

Na maji je? Walipochimba walikutana na maji yaliyokuwa yakijaa vyumba vya chini. Kati ya mwaka 1912 na 1914 ilibidi mfereji utobolewe chini kwa chini hadi Cloaca Maxima, ule mtaro mkuu wa maji machafu wa Roma ya kale. Mtaro wenye umri wa zaidi ya miaka 2000 ukapewa kazi tena. Hata sasa, ukiwa chini, maji unayasikia yakikimbia.

Picha inayotukana

Kwenye kanisa la kati, lile la karne ya 4, ndiko iliko picha yetu. Ilichorwa kwenye lipu miaka michache tu kabla kanisa hilo halijafukiwa. Imegawanyika katika sehemu tatu, moja juu ya nyingine. Ile ya juu inamwonyesha Klementi akikalishwa kwenye kiti cha Papa, lakini watu wake hawana vichwa: sakafu ya kanisa jipya imewakata. Huu ni ukatili wa kawaida wa ujenzi, wala hakuna aliyekusudia ubaya.

Sehemu ya kati na ya chini zinasimulia kisa. Sisinnius, mtu mkubwa na rafiki wa Kaisari Nerva, ana mke aitwaye Theodora ambaye amekuwa Mkristo. Bwana ana wivu. Anamfuata mkewe kwa siri hadi kwenye misa anayoiongoza Klementi, aone anakwenda kufanya nini huko. Papo hapo anapofuka macho na kuziba masikio. Klementi anamwombea, anapona. Badala ya kushukuru, jamaa anapandisha hasira: huyu ni mchawi, amenifanyia mazingaombwe ili animiliki mke. Anawaamuru watumishi wake wamfunge kamba wamburute.

Na hapa ndipo kichekesho kinapoanza. Watumishi wanadhani wamemfunga Klementi, kumbe wamefunga nguzo ya mawe. Wanavuta, haisogei. Bwana yuko pembeni katoa mkono, anafoka. Pembeni mwa watu hao yameandikwa maneno wanayoyasema, kila neno karibu na mtu wake, kama katika hadithi za vikatuni. Yuko Gosmari, yuko Albertello, na yuko Carvoncello, ambaye jina lake lenyewe linanukia makaa. Gosmari na Albertello wanaambiwa wavute. Carvoncello anaambiwa apite nyuma, asukume kwa mti. Na juu ya yote liko lile tusi la bwana kwa wote.

Wataalamu bado wanabishana ni nani hasa anasema sentensi ipi: je, yote ni amri za Sisinnius, au watumishi nao wanaelekezana? Mimi naegemea upande wa pili. Ukiwahi kuona watu watatu wakihamisha kabati zito, unajua kwamba mwenye mali hufoka tu, na wabebaji ndio huambiana wewe vuta, wewe zunguka nyuma. Lugha ya kazi huwa hivyo, fupi na ina majina ya watu ndani yake. Mchoraji aliyeandika jina Carvoncello pale alikuwa amesikiliza watu wakifanya kazi.

Klementi mwenyewe haonekani katika sehemu hiyo. Ameshaondoka. Kimebaki kile alichosema, kimeandikwa kati ya matao: kwa ugumu wa mioyo yenu mmestahili kuburuta mawe. Na hayo yameandikwa kwa Kilatini.

Nani kapewa lugha gani

Hapo ndipo ninapoomba tusimame, msomaji. Picha hii husifiwa kama ushindi wa lugha ya watu. Eti tazameni, lugha ya mtaani imeingia kanisani, imepanda ukutani! Ni kweli imepanda. Lakini imepanda midomoni mwa nani? Midomoni mwa wapagani, wapumbavu, na watu wa kusukuma mizigo. Mtakatifu kapewa Kilatini. Anayeelewa mambo anasema lugha ya vitabu, asiyeelewa anasema lugha ya mama yake, na neno zito alilopewa katika lugha hiyo ni tusi la kumtukania mtu mama yake.

Huu mgawanyo tunaujua vizuri sisi. Ni mara ngapi katika michezo yetu ya redio na televisheni shujaa anasema Kiswahili kilichonyooka, halafu anaingia mlinzi wa geti, au mpishi, au mjomba aliyetoka kijijini, na lafudhi yake ndiyo kichekesho? Hatucheki alichosema. Tunacheka anavyosema. Mwandishi anaweza kujitetea kwamba amempa nafasi mtu wa chini asikike. Sawa, lakini amempa kipaza sauti huku akiwa ameshawaambia watazamaji wacheke.

Kwa hiyo nasema wazi: nikiipima kwa kusudi lake, picha ya Sisinnius haiipendi lugha ya watu. Inaitumia kuonyesha giza, ili Kilatini kiwe mwanga.

Lakini kazi ya sanaa haimtii bwana wake siku zote, na hii imemwasi fundi wake mahali pawili.

Kwanza, kile Kilatini cha mtakatifu kina makosa. Maneno hayakai katika maumbo yanayotakiwa na sarufi, na tahajia ya neno la kuburuta imeandikwa kama lilivyokuwa likitamkwa mtaani. Yaani aliyeandika alikuwa akifikiri kwa lugha ileile aliyowapa wapumbavu. Lugha ya juu imevuja. Sisemi hivyo kumcheka fundi. Nasema kwamba hapo ukutani unaona wazi kuwa mpaka kati ya lugha mbili ulikuwa wa kuwekwa tu. Mtu yuleyule alikuwa amesimama pande zote mbili.

Pili, ya watumishi yamependeza zaidi. Hakuna njia ya kulizunguka hilo. Baada ya miaka 900 hakuna anayesafiri kwenda Roma kusoma mahubiri juu ya ugumu wa mioyo. Watu wanakwenda kumsoma Carvoncello na mti wake.

Mama wa bucha

Nani alilipa? Hili nalo limeandikwa. Wafadhili wamejiandika kwa majina: Beno wa Rapiza na mkewe Maria. Na Maria huyu ana jina la pili, Macellaria, linalotokana na neno la soko la nyama. Ama alikuwa na bucha yeye mwenyewe, ama alitoka katika ukoo wa wenye mabucha. Fedha ya kulipia picha za watakatifu, basi, inanukia nyama.

Kwenye picha nyingine katika kanisa hilohilo familia nzima imejitokeza. Kisa cha juu ni cha mwujiza. Inasimuliwa kwamba Klementi alipelekwa uhamishoni Crimea na Kaisari Trajan, akatoswa baharini akiwa amefungwa nanga, na kwamba kila mwaka bahari ilirudi nyuma ili watu wafike kaburini kwake. Mwaka mmoja mama mmoja alimsahau mtoto wake pale, maji yakarudi. Mwaka uliofuata akamkuta hai. Mchoraji amezungushia kaburi samaki waogeleao, na katikati mama kainama kumchukua mwanawe. Chini ya picha hiyo wamesimama Beno na Maria na watoto wao wawili, binti Altilia na kijana mdogo ambaye wamempa jina la Klementi.

Naipenda hii kuliko ile ya Sisinnius, na sababu yangu ni ya kifasihi pia. Wazazi wenye watoto wamechagua hadithi ya mtoto aliyepotea akapatikana. Wakamsimamisha kijana wao chini yake, mwenye jina la mtakatifu anayewarudisha watoto. Katika karne ambayo kumzika mtoto lilikuwa jambo la kawaida, hilo si pambo. Ni ombi la wazazi, limewekwa ukutani ili lisisahauliwe.

Lakini turudi kwenye swali letu. Maria wa bucha alikuwa akizungumza lugha gani sokoni? Ile ya Carvoncello, bila shaka. Na ukutani jina lake na nia yake vimeandikwa kwa lugha gani? Kwa Kilatini. Amelipa ili aonekane upande wa mtakatifu, na tiketi ya upande huo ilikuwa lugha ambayo haikuwa ya dukani kwake. Huku watumishi, ambao huenda walifanana na vijana wake wa kubeba nyama, wakabaki na lugha yake halisi na wakachekwa. Sidhani kama hili lilimsumbua. Linanisumbua mimi. Ni watu wangapi tunawafahamu ambao wakipata fedha kidogo, kitu cha kwanza wanachobadilisha ni lugha wanayowasemesha watoto wao?

Mzishi aliyejua zaidi

Kejeli kubwa kuliko zote ni hii: katika kanisa hilohilo alizikwa mtu aliyeipinga kabisa hoja ya ile picha.

Mtu huyo ni Sirili, ndugu yake Metodi, waliotoka Thesalonike kwenda kuwahubiria Waslavi. Alitunga alfabeti, zile herufi za Kiglagoliti, ili watu hao wasome maneno matakatifu kwa lugha yao. Herufi za Kisirili zinazotumiwa leo Urusi, Serbia na Bulgaria zilikuja baadaye, zikapewa jina lake kwa heshima. Akiwa Venisi alibishana na makasisi walioshika kwamba Mungu anastahili kusifiwa kwa lugha tatu tu: Kiebrania, Kigiriki na Kilatini. Akafika Roma na mabaki yaliyosemwa kuwa ya Klementi, aliyoyapata huko Crimea. Papa Adriano wa Pili akaibariki ibada ya Kislavi. Sirili akafariki Roma tarehe 14 Februari 869, akazikwa San Clemente.

Hebu tafakari. Mchoraji wa karne ya 11 aliipa lugha ya watu wapumbavu peke yao, ndani ya jengo lenye kaburi la mtu aliyekuwa amesema, miaka 200 kabla yake, kwamba lugha ya watu inatosha kwa ajili ya Mungu. Hata picha ya kuhamishwa kwa mabaki hayo, ambayo Maria Macellaria alikuwa miongoni mwa walioilipia, inaeleza tukio hilo kwa Kilatini.

Ushindi wa hoja ya Sirili ulichelewa. Mwaka 1963 ndipo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungua mlango wa misa kwa lugha za wenyeji, na Wakatoliki wa Afrika Mashariki wakaanza kusikia kwa Kiswahili sala ambazo babu zao walizijibu kwa Kilatini bila kuzielewa. Zaidi ya miaka 1000 ilipita kati ya kaburi lile na kitabu cha misa cha Kiswahili. Ndiyo maana siwezi kulisoma kanisa hili kama mambo ya Wazungu tu.

Kule juu, kimya

Nimalizie na kanisa la juu, maana haitakuwa haki kuliruka. Ndani yake kuna uzio wa marumaru wa karne ya 6 uliopandishwa kutoka kanisa la chini, wenye alama ya jina la Papa Yohane wa Pili. Huyu alikuwa padri wa San Clemente aitwaye Mercurius. Alipochaguliwa mwaka 533 aliona haifai Papa kuitwa kwa jina la mungu wa kipagani, akalibadilisha. Kuna kikanisa cha Mtakatifu Katarina chenye picha za Masolino za karne ya 15, tulivu na safi. Kuna dari la karne ya 18, la dhahabu na mbwembwe, ambalo nisingelia likiondolewa.

Halafu kuna mozaiki nyuma ya altare. Msalaba katikati, njiwa 12 weupe juu yake, na kutoka chini ya msalaba umechipuka mmea mmoja unaojikunja na kujikunja hadi kujaza dhahabu yote. Maandishi yake, ya Kilatini, yanalifananisha Kanisa na mzabibu. Paa wanakunywa maji chini. Na ukitazama kwa makini katikati ya mikunjo utaona walimu wakuu wa Kanisa, lakini utaona pia wachungaji na mifugo yao, na mwanamke mmoja anayewalisha kuku.

Huyo mwanamke hana neno lolote karibu naye. Hatukani wala hatukanwi. Hachekwi. Anamwaga chakula cha kuku ndani ya mmea uleule uliowabeba Agustino na Jeromu, kana kwamba hapo ndipo mahali pake na hakuna wa kumwuliza amefikaje. Kwa uzuri, mozaiki hii inaishinda picha ya Sisinnius mbali sana. Kwa heshima kwa watu wa kawaida, pia inaishinda.

Lakini heshima yake ni ya kimya. Ukinilazimisha kuchagua, nitasema hivi: mozaiki ilimpa mtu wa kawaida mahali bila kumpa sauti, picha ya chini ilimpa sauti kwa kumdhalilisha. Kazi ya kumpa vyote viwili kwa pamoja haikufanyika San Clemente. Ilibaki kuwa kazi ya waandishi waliokuja baadaye, na nadhani bado ni kazi yetu pia. Mwandishi mwenzangu, unapompa mlinzi wa geti sentensi yake ya kwanza katika hadithi yako, jiulize tu kama umemwandikia akiwa Carvoncello, au umemwandikia akiwa mtu.